Tippu Tip ni nani? Inategemea unamuuliza nani

Vijana wenzetu, leo tumuongelee Tippu Tip. Wengi wetu tuliotoka Maniema na Kivu tulisikia jina lake kwa wazee, na si kwa wema. Hata hiki Kiswahili tunachoandika kilifika kwetu na misafara ya wafanyabiashara kama yeye. Sasa ukitaka kumjua, umwamini nani?

Wa kwanza ni Stanley. Walikutana mwaka 1876, Stanley akitafuta watu wa kumsindikiza kwenye mto Kongo. Katika kitabu chake cha 1878 alimsifu sana: ana akili, nadhifu, mtu wa heshima. Lakini katika kitabu cha 1890, baada ya kugombana naye juu ya wapagazi wa msafara wa Emin Pasha, akamlaumu kwamba alivunja ahadi. Anayeandika ni yule yule, anayeandikwa ni yule yule. Kilichobadilika ni shida ya mwandishi.

Wa pili ni Tippu Tip mwenyewe. Uzeeni, Zanzibar, aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Humo anajionyesha mfanyabiashara hodari, pembe za ndovu zinahesabiwa, ila watu waliotekwa hawana sura. Hapo tusimwamini haraka. Lakini anasimulia pia alivyomdanganya chifu Kasongo Rushie, eti yeye ni mjukuu wa dada yake aliyetekwa zamani, mpaka akaachiwa utawala. Hiyo inaaminika zaidi. Yeye alijisifia ujanja, kumbe alituachia ushahidi juu yake.

Wa tatu ni wale waliofungwa minyororo. Hao hawakuandika kitabu, wamebaki kwenye masimulizi ya mababu. Nayo masimulizi yanaweza kuchanganya miaka, au kumtwika mtu mmoja dhambi za wengi. Tuyasikilize, na tuyapime vilevile.

Mambo haya yanatuhusu sana hapa kambini. Na sisi tunaandikwa kila siku kwenye ripoti na picha: mara mama analia, mara kijana anatabasamu na cherehani. Atakayesoma miaka 100 ijayo atadhani hao ndio sisi wote.

Kwa hiyo kila unaposoma habari za mtu, uliza: nani kaandika? Alikuwa anahitaji nini? Nani hakuulizwa? Ninyi ndugu mnaotuhudumia, tusomeeni mlichotuandika kabla hamjakituma. Na sisi tuyaandike ya kwetu, hata yale yasiyotupamba.