Nusu Nyingine Iko Wapi? Wauguzi wa Rufiji na Historia ya Dozi



Mwaka juzi tulikuwa tunamshonea bi harusi mmoja wa Kibiti. Sisi tuko Mafia, kwa hiyo siku ya kumjaribisha gauni tulipanda boti Kilindoni, tukashuka Nyamisati, ndipo tukashika barabara. Tulimkuta ana homa na maumivu ya kukojoa, na harusi imebakisha siku tisa. Kwa huruma tukafungua pochi, tukampa vidonge sita vya rangi mbili vilivyobaki tangu mwenzetu alipougua kifua. Alimeza vinne, akapata nafuu, akaacha.

Siku tatu kabla ya nikaha homa ikarudi, safari hii na maumivu ya mgongo. Alipofikishwa zahanati, muuguzi, mama mtu mzima, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Mwanangu, nusu nyingine ya dozi iko wapi?" Akampima mkojo, akapewa dawa inayomfaa, na kila siku mama yule akapiga simu kuuliza kama imemezwa. Alhamdulillah, alipona. Nikaha ilisogezwa wiki moja, na sisi tukabaki na aibu yetu. Ndipo tukaanza kuulizauliza na kusoma, tukagundua kuwa swali la yule mama lina historia ndefu katika bonde la Rufiji.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1941, kule Oxford, Uingereza, polisi mmoja aliyekuwa anaoza kwa vidonda alichomwa penisilini. Baada ya siku chache homa ikashuka, akaanza kula. Lakini dawa ilikuwa adimu mno, hata ile iliyotoka kwenye mkojo wake ilikusanywa na kusafishwa ili atumie tena. Ikaisha kabla hajapona, ugonjwa ukarudi, akafariki. Mwaka 1945, Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini, alipopokea Tuzo ya Nobel alionya kuwa atakayetumia dawa pungufu atawafundisha vijidudu kuizoea.

Rufiji somo hilo lililetwa na ukoma. Wilayani humo kuna kijiji cha Kindwitwi, walikokusanyika wagonjwa wa ukoma waliotengwa na jamii zao. Padri Mwingereza, Robin Lamburn, aliishi nao miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1993. Dawa ya ukoma enzi hizo ilikuwa moja tu, dapsone, na mgonjwa aliimeza kwa miaka na miaka. Fikiria kumeza kidonge kila siku na wala husikii maumivu! Wengi duniani waliruka siku, wengine wakaacha. Mwaka 1964 watafiti huko Malaysia walithibitisha kuwa vijidudu vya ukoma vimeshaizoea dapsone.

Ndipo mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likaagiza dawa zichanganywe: rifampicin, clofazimine na dapsone, kwa muda maalumu. Hapo kazi ya muuguzi ikawa kubwa. Dozi ya kwanza ya kila mwezi humezwa mbele ya mhudumu wa afya, zinazobaki mgonjwa humeza nyumbani siku kwa siku, akifuata mpangilio wa pakiti yake.

Lakini kutazama mtu akimeza ni nusu ya kazi. Rifampicin hugeuza mkojo kuwa mwekundu, na asiyeambiwa mapema hudhani anatokwa damu. Clofazimine huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi. Dada zetu, sisi tunaojua bi harusi anavyoangaliwa ngozi, tunaelewa kwa nini mwanamke angeficha dawa hiyo chini ya mkeka. Muuguzi anayemkalisha na kumwambia, "Rangi yako itarudi polepole ukishamaliza, lakini vidole vikishakatika havirudi," ndiye anayeiokoa dozi.

Kwa kifua kikuu ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, akisaidia Dakta Karel Styblo. Mgonjwa alimeza dawa chini ya macho ya mhudumu katika miezi ya mwanzo, na jina lake likaandikwa daftarini ili akipotea atafutwe. Utaratibu huo baadaye ukawa mfano kwa dunia nzima.

Leo tishio ni hizi dawa za kawaida tunazozinunua dukani kama pipi. Mwaka 2017 serikali yetu ilitoa mpango wa kwanza wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Lakini mpango huo, ukifika kwenye visiwa vya delta vinavyofikiwa kwa mtumbwi, hutegemea muuguzi wa zahanati. Kazi yake ngumu kuliko zote ni kusema hapana: kumwambia mama aliyepiga kasia tangu alfajiri kuwa mafua ya mwanawe ni ya virusi, antibayotiki haiyawezi. Mama hununa, na pengine hupitia dukani. Muuguzi yule hana wa kumpigia makofi.

Katika historia yetu Waislamu tunamkumbuka Bibi Rufaida, aliyewauguza majeruhi katika hema lake pale Madina. Kuuguza ni amana, na kupokea dawa nako ni amana. Dawa ikishindwa kwako, inaweza kushindwa kwa jirani pia, maana kijidudu sugu hakichagui nyumba.

Basi mwari wetu, ukiumwa katika pilikapilika za harusi, usikubali vidonge vya pochi ya mtu, hata vikitoka kwetu. Nenda ukapimwe. Muulize muuguzi: naumwa nini, nimeze mara ngapi, kwa siku ngapi? Mwambie kama una ujauzito au unanyonyesha. Ikiwa ni Ramadhani, mweleze pia, apange saa za dawa pamoja nawe. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, hivyo usiruke dozi ya mchana kimyakimya.

Sisi cherehani imetufundisha kuwa mshono usiofungwa mwisho hufumuka mbele ya wageni. Siku hizi kwenye pochi tunabeba uzi na sindano tu.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wauguzi wetu wa delta na Kibiti, na awape shifaa wagonjwa wote. Amin.