Saa ya Nairobi ndani ya hifadhidata

Sisi tunaoandika programu hapa Kenya tumezoea raha. Hatusogezi saa mara mbili kwa mwaka kama Uingereza. Unahifadhi wakati kwa UTC, unaongeza saa tatu, basi. Ukitaka rekodi za kuanzia saa mbili asubuhi (8 kwa kompyuta), unatoa saa kwa EXTRACT, unalinganisha, kazi kwisha.

Sasa upewe madaftari ya zamani uyaingize, tuseme ya vipimo vya mvua au ya vizazi. Hapo tatu haitoshi.

Zamani kila mji ulifuata jua lake, na Mombasa iliitangulia Nairobi kwa dakika 11 hivi. Mei 1908 serikali ya kikoloni ikaweka wakati mmoja rasmi, 2:30 mbele ya Greenwich. Usiku wa 30 Juni 1928 saa zikasogezwa mbele nusu saa, ikawa 3:00. Haikudumu: Januari 1930 wakarudi 2:30. Mwaka 1937 ulipoanza ikawa 2:45 (robo saa, jamani!). Tarehe 1 Agosti 1942, vita vikiendelea, 3:00 ikarejea, na ndiyo tuliyo nayo.

Historia hii imo katika tz, hifadhidata ya majira iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980. Linux na PostgreSQL huitegemea. Shida ni kwamba kwa miaka mingi tz ilidai 2:45 iliendelea hadi 1960. Ilirekebishwa Desemba 2020 tu. Chukua mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka 1955, saa mbili kamili asubuhi, akahifadhiwa kama 05:00 UTC. Seva yenye tz ya zamani itasema alizaliwa saa mbili kasorobo. Ukiuliza waliozaliwa kuanzia saa mbili, anarukwa. Hakuna ujumbe wa kosa, jumla inapungua tu.

Dar es Salaam na Kampala ndiyo usiseme. Kwa kuwa zinalingana na Nairobi tangu 1970, tz huzipa historia ya Nairobi hata kwa miaka ya nyuma.

Mimi huweka safu mbili: moja ya saa kama ilivyoandikwa daftarini, pamoja na jina la mji, nyingine ya UTC. Nikitafuta kwa saa ya siku nauliza ile ya kwanza. Tena inakubali faharasa ya kawaida, kwa hivyo jedwali zima halisomwi.