Wazimamoto wa Kujitolea wa New South Wales

Wazimamoto wa kujitolea wa New South Wales, nchini Australia, ni wakulima, walimu, mafundi, wenye maduka na wastaafu wanaozima moto wa nyika bila mshahara, chini ya Idara ya Zimamoto Vijijini ya jimbo hilo, maarufu kwa herufi RFS. Wanazidi 70,000, katika vikosi vinavyokaribia 2,000. Idara ina waajiriwa pia, lakini wengi wao wako kwenye uratibu, mawasiliano na ofisi. Anayeshika mpira wa maji huko porini, mara nyingi ni mtu aliyefunga duka lake au aliyemwachia jirani mifugo.

Kikosi cha kwanza rasmi cha jimbo hilo kiliundwa mwaka 1896 huko Berrigan, mji mdogo wa wakulima. Haikuwa hisani tupu: shamba la jirani likiungua leo na upepo ukageuka, zamu ni yako. Kwa miaka mingi kila eneo lilijitegemea kivyake, mpaka Sheria ya Moto Vijijini ya 1997 ilipoviweka vikosi vyote chini ya RFS, iliyoanza kazi Septemba mwaka huo.

Kuhusu malipo, jibu fupi ni kwamba hakuna. Sheria ya kazi ya Australia humruhusu mwajiriwa kuondoka kazini kwenda kuzima moto bila kufukuzwa, ila haimlazimishi mwajiri kumlipa kwa siku hizo. Mwajiri mwenye moyo hulipa, mwingine halipi. Aliyejiajiri ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu fundi bomba akikesha kwenye moto wiki tatu, wateja wake hutafuta fundi mwingine.

Katika msimu wa kawaida mzigo huo hubebeka. Msimu wa 2019–20 haukubebeka. Moto uliteketeza takriban hekta milioni 5.5 ndani ya New South Wales peke yake, pamoja na nyumba zaidi ya 2,400, na watu 26 wakapoteza maisha. Miongoni mwao walikuwa wazimamoto watatu wa kujitolea. Wawili walifariki Desemba 19 mti ulipoanguka na gari lao kupinduka. Wa tatu alifariki siku 11 baadaye, kimbunga cha moto kilipolibinua gari alimokuwa.

Kati ya misiba hiyo miwili, Desemba 29, Waziri Mkuu Scott Morrison alitangaza fidia ya dola 300 za Australia kwa siku, isizidi dola 6,000 kwa mtu. Wiki chache nyuma alikuwa amelikwepa wazo la kuwalipa. Walengwa walikuwa waliojiajiri na waajiriwa wa kampuni ndogo na za kati, waliokwisha kutumika zaidi ya siku 10. Ukipiga hesabu, kiwango cha juu ni siku 20, na wapo waliokuwa wameshapita hapo siku nyingi. Watumishi wa serikali ya shirikisho walikuwa wamepata nafuu kidogo kabla: likizo yenye malipo ya angalau wiki nne.

Akiumia kazini, mtu wa kujitolea hulindwa na sheria ya fidia ya 1987. Mwaka 2018 jimbo liliongeza kipengele kuhusu aina 12 za saratani: mzimamoto aliyetimiza masharti ya muda wa utumishi akiugua mojawapo, ugonjwa huchukuliwa kuwa umetokana na kazi, naye habebeshwi mzigo wa kuthibitisha ni moshi wa moto upi uliomdhuru.

Fedha za idara zina mpango wa ajabu kidogo. Kampuni za bima hutoa asilimia 73.7, halmashauri asilimia 11.7, na serikali ya jimbo asilimia 14.6. Bima, kama ilivyo ada, hurudisha gharama hiyo kwa mteja, kwa hiyo mwenye nyumba aliyekata bima humchangia asiyekata, na gari la zimamoto huwafikia wote wawili. Jimbo jirani la Victoria liliachana na mtindo huo mwaka 2013 na kuhamishia tozo kwenye mali yenyewe. Tena kuna ugomvi wa magari: kisheria, magari ya zimamoto ya RFS huhesabiwa kuwa mali ya halmashauri, nazo zimelalamika kwamba zinaandika uchakavu wa magari zisizoyaongoza.

Gari kubwa la kikosi hubeba zaidi ya lita 3,000 za maji, na dereva mzoefu hakubali tangi likauke. Moto ukiwazingira, wazimamoto hawatoki kukimbia. Huingia ndani, hufunga vioo, hushusha mapazia yanayorudisha joto, hujifunika blanketi zisizoshika moto, na maji yaliyobakizwa hunyunyizwa juu ya kabini mpaka mwali upite. Wakulima wengi huongeza magari yao wenyewe: pikapu yenye tangi na pampu mgongoni, iliyonunuliwa kwa fedha za mfukoni.

Mwishoni mwa 2019 vikosi kadhaa vilichangisha fedha mtandaoni kununua barakoa zenye vichujio bora kuliko zile za kutupa walizopewa. Idara ilisema zake zinatosha. Kisha, Januari 2020, mchekeshaji Celeste Barber akafungua mchango kwenye Facebook, na zikaingia dola za Australia zaidi ya milioni 51.

Wachangiaji wengi walidhani, na Barber mwenyewe alitaka, kwamba sehemu ingewafikia waliounguliwa nyumba, wanyama waliojeruhiwa na majimbo mengine. Lakini fedha ziliingia kwenye mfuko wa udhamini wa RFS, ambao hati yake iliandikwa kwa ajili ya vifaa, mafunzo na uendeshaji wa vikosi. Mei 25, 2020, Mahakama Kuu ya New South Wales iliamua kwamba hati ndiyo inayofuatwa, si nia ya mchangishaji. Iliruhusu fedha hizo kuwasaidia wazimamoto walioumia, familia za waliofariki, na ushauri nasaha kwa waliopata kiwewe. Mashirika mengine ya hisani hayakupata hata senti.