Raita na Kerani

Ukifika Kolkata uulize njia ya kwenda Raitars, usidhani utapelekwa kwa washairi. Utaonyeshwa jengo jekundu, refu ajabu, kando ya bwawa la Lal Dighi. Lilianza kujengwa 1777 kwa ajili ya maraita wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki.

Raita huyo hakuwa mwandishi wa vitabu. Alikuwa kijana, mara nyingi hata miaka ishirini hajafika, aliyeletwa na meli kunakili barua na hesabu za bidhaa. Ndicho kilikuwa cheo cha chini kabisa, lakini kilikuwa na ngazi. Robert Clive alishuka Madras mwaka 1744 akiwa raita tu. Miaka 13 baadaye alikuwa ameshinda pale Plassey, na Bengal ikaanza kuangukia mikononi mwa Kampuni.

Sasa, meza ya pili alikaa Mbengali, ananakili karatasi zile zile. Huyo hakuitwa raita. Aliitwa kerani. Wino ni ule ule, kazi ni ile ile, ila yeye ngazi hana. Gavana Cornwallis, aliyeondoka 1793, aliwafungia Wahindi vyeo vya juu kabisa, na kerani akabaki kerani hadi uzee.

Ndiyo maana Kibengali hakikulichukua neno raita kumwita mtu. Kililiachia jengo. Kerani nalo likachakaa mdomoni: leo ukimwambia mtu ana akili ya kerani, umemtukana. Na shule za Kiingereza zilizoenea baada ya waraka wa Macaulay wa 1835 zililaumiwa sana eti ni viwanda vya kuzalisha makerani.

Msomaji ameshalisikia hilo neno, bila shaka. Ni karani wetu. Lilivuka Bahari ya Hindi, na huku kwetu halikupata aibu ile. Tuna makarani wa sensa, karani wa mahakama, na Karani wa Bunge la Kitaifa, mtu mzito kwelikweli. Wakoloni walituwekea karani wao pia, yule wa ofisi ya DC ambaye wazee walimwamkia kwa heshima kwa sababu barua ilikuwa mkononi mwake. Huenda hapo ndipo tofauti ilipo: kwetu alikuwa mmoja, kule walijaa mji mzima.

Lakini Wabengali wana jina jingine la Raitars: Mahakaran. Maha ni kuu. Karan ni neno la ukoo mmoja na kerani. Yaani jumba la vijana wa Kiingereza limeishia kubeba jina la yule wa meza ya pili. Na uwanja ulio mbele yake, uliokuwa ukiitwa Dalhousie, sasa ni B.B.D. Bagh, kwa heshima ya Benoy, Badal na Dinesh, walioingia humo ndani Desemba 8, 1930 wakampiga risasi mkuu wa magereza.

Mwaka 2013 serikali ya jimbo ilihamishia ofisi zake kuu Howrah, ng'ambo ya mto. Wenyeji bado wanasema Raitars.