Kutoka Ruhwa Hadi Pango la Musanze



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, tuliahidi kuwaletea habari za safari ya pangoni na leo tunatimiza ahadi. Tuliondoka Ruhwa usiku, familia chache pamoja na wanafunzi wa madrasa, tumebanana ndani ya kostari moja yenye viti visivyotosha. Sala ya alfajiri tuliisali Kamembe, kisha tukashika barabara ya kaskazini, Ziwa Kivu likiwa mkono wetu wa kushoto.

Safari hii ilianzia darasani. Watoto walikuwa wakisomeshwa Suratul Kahf na habari ya pango la Thawr, alipojificha Mtume (s.a.w.) na Abubakar katika Hijra ya mwaka 622. Ustadhi akawauliza, pango likoje? Mmoja akajibu kuwa ni nyumba ya mawe yenye mlango. Mwingine akasema ni shimo la panya, ila kubwa. Tukacheka, lakini tukaona hawana kosa. Watoto wa bonde la Bugarama wanajua mashamba ya mpunga, wanajua maji ya moto ya Amashyuza, wanajua mto Ruhwa na Burundi ng'ambo yake. Pango hawajapata kuliona.

Na sisi wakubwa tulikuwa na dhana yetu ya makosa. Kwetu kuna mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji cha Cimerwa kikajengwa huku na kuanza kazi mwaka 1984. Tulijua kwamba maji hula mawe ya chokaa polepole mpaka yakatoboka. Ndivyo yalivyofanyika mapango ya Amboni kule Tanga, ambayo baadhi yetu tuliyaona tulipokuwa Tanzania. Basi tukadhani na la Musanze ni hivyo hivyo. Sivyo kabisa. Pango la Musanze ni kazi ya moto.

Tulielewa jambo hili tulipofika Rubavu, maana pale mlima Nyiragongo unaonekana ukitoa moshi upande wa Kongo. Januari 2002 uji wa moto kutoka mlima huo ulipita katikati ya mji wa Goma mpaka ukaingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama pembezoni mwa mji, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba hata upande wa Rubavu. Mama mmoja katika msafara alituelezea kwa mfano wa jikoni, na watoto wakaelewa kuliko tulivyoeleza sisi. Alisema: "Mkipakua uji wa moto kwenye sahani, juu unafanya utando, lakini chini bado unaunguza. Sasa inamisheni sahani, uji wa chini utoke, utando ubaki." Ndivyo ilivyo. Uji wa volkano ulishuka, juu ukaganda ukawa jiwe, wa ndani ukaendelea kukimbia mpaka ukaisha, na mfereji ukabaki mtupu. Baadaye dari likabomoka sehemu kadhaa, na matundu hayo ndiyo milango ya leo.

Pango lenyewe liko kama kilomita 2 kutoka mjini Musanze, upande wa barabara ya Rubavu. Mji huo wazee wanauita bado Ruhengeri, kama sisi tunavyosema Cyangugu, ingawa majina yalibadilishwa tangu 2006. Kwa nje huoni kitu cha ajabu. Ni majani, miti, na bonde refu lililozama kama handaki. Unashuka ngazi, na ghafla umesimama mbele ya mlango ambao msikiti mzima ungeingia pamoja na mnara wake. Urefu wa pango ni kama kilomita 2. Lilifunguliwa rasmi kwa watalii mwaka 2013, na huingii bila mwongozaji. Tulipewa kofia ngumu, glavu na tochi.

Ndani kuna baridi na harufu kali ya mavi ya popo. Popo ni wengi mno. Mwanzo watoto walipiga kelele, halafu wakanyamaza wenyewe bila kuambiwa. Kila baada ya mwendo kidogo unakuta mwanga unaoshuka kutoka tundu la dari, na chini yake pameota majani mabichi, kisha unaingia tena gizani. Mwongozaji alituomba tuzime tochi zote kwa dakika moja. Hatujawahi kuona giza la namna ile. Hata mkono wako hauuoni.

Sasa tuje kwenye historia, maana ndiyo tuliyoifuata.

Wapo wanaosimulia kuwa pango lilichimbwa na mtawala wa kale. Hiyo ni hadithi, na hadithi tunaziheshimu kwa kiasi chake. Lakini kuna hesabu nyingine inayorudiwa sana katika magazeti na vitabu vya watalii, kwamba pango lina umri wa miaka zaidi ya milioni 60. Wanafunzi waliiandika haraka kwenye madaftari. Tuliwaambia waifute. Volkano za Virunga, tangu Muhabura mpaka Karisimbi yenye mita 4,507, ni changa sana kwa hesabu ya wanajiolojia, na bonde la ufa lililozizaa halifikii hata nusu ya umri huo. Mtoto hawezi kumzidi mama yake umri. Tunadhani namba kubwa zinapendwa kwa sababu zinafurahisha na hazimuumizi mtu. Miaka inayouma ni ile ya karibu.

Nchi hii ya volkano zamani iliitwa Mulera. Watu wake walifyeka msitu wenyewe na kumiliki ardhi kwa ukoo, na hawakupenda kuamriwa na yeyote, awe mfalme wa Nyanza au mzungu. Aprili 1910 padri Mfaransa, Paulin Loupias wa misheni ya Rwaza, aliingilia ugomvi wa ng'ombe uliomhusu mkuu wa ukoo aitwaye Rukara rwa Bishingwe, akauawa. Wajerumani wakamsaka Rukara kwa miaka miwili. Wakati huo huo likatokea vuguvugu la Ndungutse, aliyedai kiti cha ufalme, na mwaka 1912 jeshi la Wajerumani likalizima kwa moto na bunduki. Rukara naye alinyongwa mwaka huo hapo hapo Ruhengeri.

Wasomaji wetu wanaopenda Kiswahili, na sisi tumo, tusiruke ukurasa huu. Askari waliotumwa katika milima ile na Wajerumani waliamrishwa kwa Kiswahili. Tunapenda kusimulia kwamba lugha yetu iliingia Rwanda na wafanyabiashara, na Uislamu pamoja nao, mpaka ukajengwa msikiti wa Al-Fatah wa Nyamirambo mwaka 1913. Ni kweli. Lakini kwa wakulima wa Mulera, huenda Kiswahili cha kwanza walichokisikia kilikuwa amri ya kuchoma nyumba. Bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, tulishangilia sana huku Bugarama. Haidhuru kukumbuka na hilo jingine.

Vita havikuishia hapo. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliwafukuza Wajerumani, baadhi yakivuka mto Rusizi upande wetu wa Cyangugu, mengine yakiingilia kaskazini. Nyuma yao ikaja njaa ya Rumanura, iliyoua watu wengi kaskazini magharibi mpaka 1918. Katika nyakati za namna hii, wanasema wenyeji, watu waliingia mapangoni na kungoja mpaka hatari ipite. Tulitazama lile giza na tukaelewa. Anayelijua pango anaweza kukaa ndani, na asiyelijua ataogopa kumfuata.

Mwaka 1994 wapo waliofanya kama babu zao. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia pangoni na humo wakauawa. Kwa ajili hiyo wenyeji wanalihesabu pango kuwa kaburi, na hawapendi mtu acheke au apige picha ovyo ndani yake. Mjini wapo pia waliouawa katika jengo la Mahakama ya Rufaa, walikopelekwa kama mahali pa usalama.

Hapo ndipo mvulana mmoja, hajafika miaka 12, aliuliza swali lililoharibu ratiba yetu yote. "Ustadhi, kama wageni wanaliogopa pango, wauaji walijuaje pa kuingia?"

Ustadhi alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Walionyeshwa, mwanangu. Au walikuwa majirani, walilijua tangu utoto."

"Kwa hiyo pango la babu halikufaa tena?"

"Halikufaa. Zamani adui alitoka mbali."

Tulitoka nje tukaketi kwenye majani, na mazungumzo yakaendelea pale. Asubuhi, tulipopita Karongi, tuliwaonyesha watoto upande ilipo milima ya Bisesero. Huko maelfu ya Watutsi walipigana kwa mawe na mikuki kuanzia Aprili mpaka Juni 1994, wakijificha vichakani na mashimoni, na wengi wakauawa. Kumbukumbu ya Bisesero iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023. Watoto walikuwa wameisikiliza habari hiyo kama habari ya watu wa mbali. Sasa wakataka kujua ya kwetu.

Wazazi wengine wangependa tuishie kwenye sehemu nzuri. Na sehemu nzuri ipo. Imeandikwa sana, na ni kweli, kwamba Waislamu wengi wa Rwanda walikataa kuua, wakawaficha jirani zao majumbani na misikitini, na baadhi yao wakalipa kwa roho zao. Habari hiyo tunaisimulia kila Aprili, na tuna haki ya kuisimulia.

Lakini yule mvulana anatoka Bugarama, na Bugarama ndiko alikotoka Yussuf Munyakazi. Huyu alikuwa mkulima tajiri wa bonde letu la mpunga, mwenye jina kama majina yetu. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 25. Ilithibitishwa kwamba aliongoza Interahamwe wa Bugarama kwenda parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili 1994 na parokia ya Mibilizi siku iliyofuata, ambako Watutsi waliokimbilia kanisani waliuawa. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2011. Kanisa lilikuwa pango lao, na waliolivamia walitoka kwetu, hawakutoka ng'ambo ya mto.

Tulibishana pale kwenye majani kama jambo hili liambiwe watoto. Baba mmoja alisema jina la mtu mmoja lisichafue jamaa nzima, na tunakubaliana naye. Mama aliyetoa mfano wa uji akasema kwamba watoto watalisikia tu, na ni afadhali walisikie kwetu kuliko kwa watu wa kuwazomea. Tuliona hoja yake ina nguvu zaidi. Watoto waliambiwa, kwa maneno machache, bila kuelezwa namna watu walivyouawa.

Usiku tulilala Rubavu. Kesho yake, katika kurudi, tulipofika njia panda ya kwenda Shangi tulimwomba dereva asimame. Jina hilo ni kubwa katika historia kuliko wengi wetu tunavyojua. Mwaka 1896 jeshi la Rwanda likiongozwa na Bisangwa lilipambana hapo na wanajeshi wa Dola Huru ya Kongo waliokuwa wamepiga kambi, mikuki dhidi ya bunduki, na Bisangwa mwenyewe akafa vitani. Yule mvulana akauliza, "Ni Shangi hii hii?" Tukamwambia ni hii hii. Hatukuwa na muda wa kushuka, jua lilikuwa linazama na wadogo walikuwa wamechoka.

Kwa wanaotaka kwenda Musanze: vaeni viatu visivyoteleza na nguo msizozihurumia, maana mawe ni makali na popo hawachagui. Watoto wachanga wabaki na mtu juu. Wazee wenye magoti mabovu wataweza kushuka mpaka mlangoni na kuona vya kutosha. Panga mapema na watumishi wa hifadhi, kwa kuwa kundi kubwa haliingii lote pamoja.

Safari ijayo, in shaa Allah, ni Shangi na Mibilizi, siku moja kwenda na kurudi. Tunawaomba wazee wa Bugarama waliokuwepo mwaka 1994, na walio tayari kuzungumza na wanafunzi, watujulishe msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Wanafunzi watakuja na madaftari.