Kusimama Zamuni: Utii wa Waliotutangulia Rabai



Kwaya inapofikisha Jubilei huwa tunahesabu. Tumehudumu ibada ngapi, tumeimba harusi ngapi, tumesindikiza wapendwa wangapi makaburini. Si vibaya kuhesabu baraka. Lakini historia ya Injili hapa Kenya inatukumbusha watu walioitikia wito wa Mungu, wakatumika miaka mingi wakiwa na machache sana ya kuhesabu. Hao nao wana sehemu katika sherehe yetu ya leo.

Mwaka wa 1844, Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha CMS cha Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Makaburi yao yako ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf hakufunga virago. Alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, naye akaendelea na kazi ya lugha.

Mwaka wa 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai, kati ya Wamijikenda. Vitabu vya shule vinamtaja Rebmann kwa sababu aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka wa 1848. Sisi tunamkumbuka kwa jambo jingine: alibaki. Mtu wa kwanza kuamini, Mringe, aliyekuwa mlemavu, aliaga dunia mapema. Mwaka wa 1853 afya ya Krapf ilidhoofika akarudi Ulaya. Mwaka wa 1866 Rebmann akampoteza mkewe, Emma. Macho yake mwenyewe yakaanza kufifia. Hata hivyo aliendelea kufundisha kikundi kidogo cha waumini na kukusanya maneno ya lugha za watu aliotumwa kwao. Alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani. Alipoondoka mwaka wa 1875 alikuwa karibu kipofu kabisa, akisindikizwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Mwaka uliofuata alilala katika Bwana.

Kwa hesabu ya wanadamu, hiyo ilikuwa kazi ya hasara. Lakini Mungu hakuwa amemaliza na Rabai.

Katika miaka ya 1860 walikuwa wamefika pale Waafrika waliookolewa utumwani na kusomeshwa huko India. Mmoja wao alikuwa William Jones. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alimweka wakfu kuwa shemasi, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huohuo Jones alifuatana na askofu katika safari ya kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba, naye Jones akawaongoza waliosalia, kwa miguu, hadi Rabai.

Hapo nyumbani wito mwingine ulikuwa ukimngoja. Watumwa waliotoroka kwa mabwana zao wa pwani walikuwa wakikimbilia Rabai, na mabwana walitaka warudishwe. Kuwapokea kulikuwa hatari kwa misheni nzima. Jones, aliyeijua minyororo ya utumwa, aliwapokea. Baada ya mvutano mrefu, mabwana walilipwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,000 wa Rabai na vituo jirani walipewa hati za uhuru.

Tukifungua Walawi sura ya 25 tunaona kwamba mwaka wa hamsini ulitangazwa kwa baragumu, na watu walioshikiliwa wakaachiliwa. Hiyo ndiyo asili ya neno Jubilei. Basi siku ile Rabai iliiona Jubilei ya kweli. Rebmann hakuwepo, lakini kimbilio lile lilikuwa mahali palepale alipokataa kupaacha.

Wanakwaya wenzetu, tunajifunza nini? Kwanza, tunaitwa kutii. Kupanda na kumwagilia ni kwetu, kukuza ni kwa Mungu. Kuna jioni za mvua ambapo mazoezini huja watu wachache tu, besi hakuna, na alto inashikwa na mama mmoja. Yule aliyekuja amesimama zamuni, hata kama hakuna aliyemwona. Pili, utii una gharama na una mlango. Jones hakusema kwamba kazi yake ni mahubiri tu. Aliwafungulia waliobisha hodi. Kwaya inayoimba juu ya neema huku ikimfungia nje kijana asiye na sare, au dada aliyeanguka akarudi, bado haijaitikia wito wote.

Kesho maturubai yatashushwa na viti vitarudishwa. Wiki ijayo kutakuwa na mazoezi kama kawaida, na huko ndiko Jubilei hii itakakopimwa. Huenda wengine wetu hatutayaona matunda. Na tuimbe, tubaki, tufungue mlango, na mavuno tumwachie mwenye shamba.

Bwana asifiwe.