Dizeli ya zamani: injini huria kabla ya programu huria



Leo tuweke kompyuta pembeni tuongee injini. Ukiwa Bonde la Lambwe, mbali na karakana kubwa za mjini, Land Rover ya dizeli ya miaka ya 80 inaweza kufufuliwa chini ya mti kwa spana mbili. Kwa nini? Jibu liko kwenye historia.

Injini ya Rudolf Diesel ilifanikiwa mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani. Haitumii cheche: hewa inabanwa mpaka inakuwa moto sana, mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Ila ilikuwa kubwa mno kwa gari, maana ilihitaji kompresa ya kupuliza mafuta. Mwaka 1927 Bosch wakaanza kutoa pampu ndogo ya kusukuma mafuta kwenye nozeli, na 1936 Mercedes-Benz wakaleta gari dogo la dizeli, 260 D.

Pampu hiyo inazungushwa na injini yenyewe. Ndiyo maana mbinu za fundi ni rahisi:

1. Gari likiishiwa mafuta, hewa huingia kwenye mpira. Ongeza mafuta, legeza skrubu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza.
2. Dizeli ya mtungi huwa na maji. Yamwage chini ya filta kabla hayajafika kwenye pampu.
3. Asubuhi ya baridi, subiri hita plagi zipate moto ndipo upige stata.

Onyo: usiweke kidole mbele ya nozeli inayofanya kazi. Mafuta yale hupenya ngozi.

Mwaka 1995 Denso waliweka mfumo mpya kwenye malori, na 1997 Bosch wakauleta kwenye magari madogo: sasa kompyuta ndiyo inaamua nozeli ifunguke lini. Moshi na kelele vimepungua, hilo tukubali. Lakini ikigoma, fundi asiye na mashine ya kusoma hitilafu anabaki kubahatisha.

Na Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo dizeli hizi zikifa hakuna nyingine zinazokuja. Fundi wa Lambwe anahitaji kusoma programu ya gari kama anavyosoma mapovu kwenye filta. Sisi waandika programu, hiyo ni kazi yetu.

Tuko pamoja.